Tunataka hesabu, si pesa mkononi tu

Jumamosi alasiri, kwenye kinu kidogo cha mawese kama vilivyo vingi kati ya mji wa Rumonge na Kigwena, kulipana hakuchukui muda. Kapita, msimamizi wa vibarua, anakaa juu ya dumu lililopinduliwa, kaye, yaani daftari, magotini, kalamu ya risasi sikioni. Anaita jina. Mtu anasogea, mikono bado inang'aa mafuta. Kapita anapitisha kidole kwenye mstari, anahesabu vijialama kimoyomoyo, anataja jumla. Noti zinatoka, zinahesabiwa mara mbili, zinaingia mfukoni. Anaitwa wa pili.

Akitokea wa kuuliza, "Kapita, mbona nina siku kumi na nane na mimi nimefanya ishirini?" jibu ni lile lile: "Kaye ndivyo inavyosema." Na kaye ni ya nani? Ya bosi. Kaandika nani? Kapita wa bosi. Inalala wapi? Kwa bosi. Mfanyakazi ameiona kwa sekunde tano, kichwa chini miguu juu, kutoka upande wa pili wa dumu.

Sheria ya Burundi haitaki hivyo. Mwajiri anapolipa mshahara anapaswa kumpa mfanyakazi karatasi yake inayoonyesha pesa hizo zimepatikanaje. Ofisini Bujumbura wanaiita bulletin de paie. Huku pwani ya ziwa tunasema fishi ya mshahara, na wengi wetu tumeisikia kwa jina tu. Wala si jambo la jana. Nchi hii ilipata kanuni yake ya kazi Juni 2, 1966. Ikaandikwa upya Julai 7, 1993, siku tatu kabla Melchior Ndadaye hajaapishwa kuwa rais. Ikarekebishwa tena Novemba 24, 2020. Marais wamepita, mikoa imegawanywa na kuunganishwa, lakini kaye ya kapita haijaondoka magotini.

Tunachosema leo ni kifupi. Anayelipa bila karatasi asiaminiwe. Palipo na ugomvi wa mshahara na mwajiri hana nakala ya fishi aliyotoa, neno la mfanyakazi lichukuliwe kuwa la kweli mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo. Mengine yote katika maoni haya ni kueleza kwa nini.

Fishi yenyewe si kitu cha kutisha. Ni mistari mitano: siku au saa ulizofanya, bei ya kila moja, kilichoongezwa, kilichokatwa pamoja na sababu ya kila kato, na kilichobaki. Mstari wa nne ndio unaoogopwa.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kijana wa kinuni analipwa faranga 6,000 kwa siku, na mwezi huu amefanya siku 22. Hiyo ni 132,000. Mchango wake wa pensheni katika INSS, shirika la taifa la hifadhi ya jamii, kwa kiwango tulichokizoea, ni asilimia 4, yaani 5,280. Kodi ya mshahara hadaiwi hata faranga moja, kwa sababu sheria ya kodi ya mapato ya 2013 iliweka kodi hiyo ianze juu ya 150,000 kwa mwezi. Anapaswa kuondoka na 126,720. Sasa kapita anamhesabia 110,000 na kumwambia, "Nyingine ni INSS na kodi ya serikali." Faranga 16,720 zimeyeyuka, na kijana anarudi nyumbani Kanyenkoko akiilaani serikali ambayo safari hii, tukubali, haina kosa.

Kuna ujanja mwingine ulio mwepesi zaidi. Pensheni ile ina pande mbili: asilimia 4 ya mfanyakazi na asilimia 6 ya mwajiri. Juu yake kuna asilimia 3 ya ajali na maradhi ya kazini, ambayo yote ni ya mwajiri. Bila karatasi, mwajiri anaweza kukata ile kumi nzima kutoka kwa mfanyakazi, akapeleka INSS kana kwamba sita zimetoka mfukoni mwake, na asijulikane. Anaweza pia kukata na asipeleke popote. Mwenzetu mmoja hapa chumba cha habari alifanya kazi ghalani kwa mtu mmoja, miaka mingi kabla hajashika kalamu. Kila mwezi alikatwa "ya uzee." Alipokwenda kuuliza, jina lake halikuwemo kwenye orodha. Akaulizwa swali moja tu dirishani: una fishi? Hakuwa nayo hata moja. Mazungumzo yakaishia hapo, na hatumlaumu karani yule; angeandika nini?

Uzee uko mbali, na kijana wa miaka ishirini ni vigumu kumuuzia habari ya miaka sitini. Ajali haisubiri. Mkwea michikichi hupanda na panga kiunoni, na shina likilowa mvua linateleza. Akianguka akavunjika mgongo, INSS ina fungu la ajali za kazini kwa ajili yake, na akifa lipo fungu la wajane na yatima wake. Lakini kwanza lazima iwepo alama kwamba mtu huyu alikuwa mfanyakazi, wa nani, tangu lini, kwa mshahara gani. Familia inakwenda kwa mwenye shamba. Mwenye shamba anatoa pole, anatoa gunia la mchele la msibani, halafu anasema marehemu alikuja siku ile tu kuomba kibarua. Nani atambishia? Kapita? Kapita anakula hapo hapo. Karatasi kumi na mbili za mwaka mmoja, zilizokunjwa ndani ya kopo la maziwa ya unga, zingembishia vizuri sana.

Methali ya Waswahili inasema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kawaida tunamwambia mwenye duka. Lakini mwenye duka ana bidhaa, ana funguo, ana mlango. Mtu wa kibarua mali yake ni siku zake, na siku ikishapita haiko ghalani wala kabatini. Basi yeye ndiye anayehitaji daftari kuliko mwenye duka, na yeye ndiye asiye nalo.

Tukishuka ziwani mambo yanazidi kuwa magumu, na hapa tukae kidogo.

Uvuvi wa ndagala na mukeke, kutoka Magara na Minago hadi Karonda, Rumonge yenyewe na Nyanza-Lac, hauna mshahara wa mwezi. Kuna mwenye mtumbwi, nyavu na injini, ambaye wavuvi humwita tajiri, na kuna kipe, kundi la wavuvi wenyewe, inayokwenda usiku na taa. Samaki hufuata mwanga, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa pevu taa hazina kazi na watu hupumzika. Hesabu nyingi hupigwa siku hizo za mapumziko. Mauzo yanajumlishwa, gharama zinatolewa, kinachobaki kinagawanywa kati ya tajiri na kipe kwa mafungu waliyokubaliana. Ni mfumo wa zamani na hatuuiti wizi. Pakiwa na uaminifu unafanya kazi vizuri kuliko mshahara, kwa sababu usiku wa neema kila mtu anacheka.

Tatizo liko kwenye neno "gharama." Nani ameziona? Petroli ya injini imekuwa ngumu kupatikana Burundi miaka hii ya karibuni. Kila mtu ameona foleni za magari zisizo na mwisho, na kila mtu anajua kwamba lita ya pembeni haina bei ya kituoni. Tuseme tajiri amepata lita arobaini kituoni kwa bei ya serikali, na hesabu anaipiga kwa bei ya magendo. Tofauti hiyo inatoka kwenye fungu la kipe nzima, usiku baada ya usiku, mwezi mzima wa giza. Ongeza chakula, betri za taa, kushona nyavu, "ya wakubwa," na deni la tangu mwezi uliopita. Yote yanasemwa kwa mdomo. Mwisho wa hesabu kijana aliyelowa usiku ishirini anaambiwa kwamba ni yeye anayedaiwa, na mwezi ujao atarudi majini kulipa. Ndivyo mtu anavyofungwa kwenye mtumbwi mmoja miaka bila kamba.

Wapo watakaosema mvuvi si mfanyakazi, ni mshirika, kwa hiyo sheria ya fishi haimhusu. Tunawauliza: mshirika asiyejua bei ya mafuta ni mshirika wa nini? Ikiwa ni mfanyakazi, apewe fishi. Ikiwa ni mshirika, apewe hesabu ya ushirika: samaki walipimwa kilo ngapi, waliuzwa kwa nani kwa bei gani, petroli lita ngapi kwa bei gani, fungu ni ngapi. Karatasi ni ile ile. Na hao akina mama wanaoanika ndagala mchangani na kwenye vichanja, wanaolipwa kwa beseni, nao wanahesabika: mabeseni mangapi, kila moja kiasi gani. Mstari mmoja unatosha.

Kuna jambo linalotuudhi kuliko yote. Dumu la mawese likitoka Rumonge kwenda Bujumbura linalipiwa ushuru, na ushuru una risiti. Gunia la ndagala lina risiti. Mama mwenye meza sokoni anapewa risiti ya meza. Dereva akifika kizuizini bila karatasi zake, hapiti. Nchi yetu inajua sana kuandika karatasi, basi asituambie mtu kwamba karatasi haziwezekani vijijini. Zinawezekana kwa dumu. Hazijawezekana kwa aliyelikamua.

Watu wa Rumonge hawahitaji kufundishwa thamani ya karatasi. Waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 waliporudi walikuta michikichi ya watu wengine kwenye ardhi ya baba zao, na ugomvi wa mashamba hayo umekula miaka mingi mbele ya mabaraza, mahakama na ile tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006. Kila kikao kilirudi kwenye swali moja: una nini cha kuonyesha? Familia zimepata au kukosa kwa kipande kimoja cha karatasi kilichofifia. Mji uliopita huko haupaswi kukubali kwamba kazi ya mwezi mzima imalizike kwa kupeana noti na kuagana.

Tumewasikia waajiri wadogo, na malalamiko yao si ya uongo yote. Mwenye kinu kimoja na vibarua wanane hana karani wala kompyuta. Amehangaika na dizeli, na bei ya mawese inapanda na kushuka. Akiletewa fomu ya Kifaransa yenye vifupisho kumi na mihuri miwili, ataitupa, na sisi tungeitupa pia. Kwa hiyo tusimletee hiyo. Duka lolote la vifaa vya shule linauza kitabu cha risiti na karatasi ya kaboni. Mistari mitano iandikwe kwa Kirundi au Kiswahili, lugha ambazo kapita na kibarua wanaelewana nazo kazini. Ya juu inachanwa na kupewa mfanyakazi. Ya chini inabaki kitabuni. Kama kapita anaweza kuweka kaye, anaweza kuweka kitabu cha risiti. Tofauti ni kwamba safari hii nakala moja inakwenda nyumbani na mwenye jasho.

Wala tusisingizie kwamba vibarua hawajui kusoma. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2005. Kijana wa miaka ishirini na mitano anayekwea michikichi leo alianza darasa la kwanza baada ya hapo. Huenda hakumaliza, lakini tarakimu anazijua. Mpeni karatasi muone kama hatagundua kosa la faranga mia mbili.

Wengine watasema karatasi imepitwa na wakati, siku hizi tunalipa kwa Lumicash na ujumbe wa simu ni ushahidi tosha. Ni ushahidi wa nusu. Ujumbe unasema umepokea kiasi gani kutoka namba gani. Hausemi ni kwa siku ngapi, wala nini kimekatwa. Na simu inaibwa, inaingia maji, inauzwa. Lakini mwajiri anayelipa kwa simu anaweza kutuma ujumbe wa pili wenye mistari ile mitano, na hapo tutampongeza. Hatubishanii karatasi kama karatasi, tunabishania hesabu.

Tuangalie majirani, kwa sababu wengine wametangulia na wengine wamejikwaa. Kenya, katika sheria ya ajira ya 2007, inamtaka mwajiri atoe taarifa ya mshahara yenye mchanganuo, na kuna adhabu ya faini au jela. Sifa njema. Kisha sheria hiyo hiyo, katika kifungu hicho hicho, inawaacha nje kibarua wa kutwa, anayelipwa kwa kipande cha kazi, na aliyeajiriwa kwa muda usiozidi miezi sita. Yaani karatasi apewe mwenye mkataba na meza, anyimwe mkwea mti. Tukiandika kanuni zetu tusije tukanakili mlango huo wa nyuma. Rumonge nzima ingepita humo.

Tanzania ilifikiri vizuri zaidi. Sheria yake ya ajira na mahusiano kazini ya 2004 inataka kila malipo yaambatane na maelezo ya maandishi. Kifungu kingine cha sheria hiyo ndicho tunachokitamani: mwajiri akishindwa kuleta mbele ya shauri mkataba au maelezo ya maandishi ya ajira, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa unamwangukia yeye. Haya yanatumika Kigoma, siku moja ya safari kwa boti kutoka hapa. Uingereza nayo, tangu Aprili 6, 2019, ilipanua haki ya fishi kutoka kwa waajiriwa rasmi hadi kwa wafanyakazi wote, na ikaagiza kwamba ambaye malipo yake hubadilika kwa saa, saa hizo ziandikwe. Waliona kwamba jumla bila idadi ya saa haimsaidii mtu. Kapita wetu angewaambia hilo bure.

Kwa nini tunang'ang'ania mzigo wa kuthibitisha badala ya kudai faini kubwa? Kwa sababu faini inahitaji mkaguzi, na mkaguzi anahitaji gari, mafuta na muda. Burundi iliridhia zamani mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 81 wa 1947 kuhusu ukaguzi wa kazi, na wakaguzi wapo. Lakini hesabu vinu kutoka Muhuta hadi Nyanza-Lac, hesabu mitumbwi, hesabu mahoteli ya ufukweni na maghala ya bandarini, halafu utuambie ni wakaguzi wangapi wangetosha. Zaidi ya hapo, Rumonge iliyokuwa mkoa tangu 2015 sasa ni komini ndani ya mkoa wa Burunga. Ofisi zilizokuwa jirani zimesogea, na kibarua hapandi gari kwenda kudai siku mbili za mshahara, nauli itazila. Kanuni ya mzigo wa kuthibitisha haihitaji gari. Inakaa kichwani mwa kila mwajiri kila Jumamosi: nisipoandika, nitaumbuka mimi.

Hata hivyo mkaguzi ana kazi ya kufanya, na komini pia. Mwenye kinu anapokuja kulipia kibali cha biashara, na mwenye mtumbwi anapokuja kuandikisha chombo, aje na vishina vya kitabu chake cha risiti. Karani atazame miezi mitatu ya mwisho, dakika kumi zinatosha. Na serikali ianzie kwenye kazi inazozilipia yenyewe. Barabara ya Rumonge hadi Gitaza, kilomita 45 kandokando ya ziwa, imewekewa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Vibarua wa barabara za namna hii, wachimba mitaro na wabeba mawe, wawe wa kwanza kushika fishi, na mkandarasi asilipwe awamu inayofuata kabla hajaonyesha nakala. Serikali isiyodai karatasi kwenye zabuni yake haitakuwa na uso wa kuidai kwa mwenye kinu.

INSS nayo ina deni kwetu. Mtu anayekatwa asilimia 4 ana haki ya kujua kama imefika. Benki hutuma ujumbe ukitoa elfu kumi. INSS ishindweje kutuma ujumbe mmoja kila robo mwaka wenye jina la mwajiri na miezi iliyolipwa? Yule mwenzetu wa ghalani angepiga kelele mwezi wa nne, si baada ya miaka.

Vyama vya wafanyakazi, COSYBU na CSB, tunawaomba washuke kutoka kwenye semina za Bujumbura. Wanajua sheria kuliko sisi. Waje Jumamosi moja bandarini Rumonge, wakae na wapagazi, wawaonyeshe fishi inafananaje. Wengi hawajawahi kuishika. Na Chama cha Waajiri kiwaambie wanachama wake kwamba karatasi inamlinda hata bosi: kibarua akidai hakulipwa Juni, na bosi ana nakala yenye sahihi yake, kesi imekwisha.

Tutaulizwa pia fishi ina faida gani wakati mshahara wenyewe ni mdogo hivi. Swali zuri, na lina aibu ndani yake. Kima cha chini tulichokirithi ni cha 1988: faranga 160 kwa siku kwa Bujumbura na Gitega, 105 kwa sehemu nyingine zote, sisi tukiwemo. Kwa faranga 105 leo hununui hata andazi. Kima hicho kinapaswa kubadilishwa, na tutakiandikia siku yake. Lakini hakuna atakayejua watu wanalipwa nini kweli kweli kwenye pwani hii, wala kima kipya kiwekwe wapi, kama malipo yote yanapita mkononi bila kuacha alama. Wanaokaa mezani kujadili kima cha chini wanahitaji fishi hizi kama mganga anavyohitaji kipimo.

Waziri mwenye dhamana ya kazi hahitaji sheria mpya kwa mengi ya haya. Sheria ipo. Anahitaji kutoa agizo lenye fomu ya mistari mitano kwa Kirundi na Kiswahili, liseme wazi kwamba vibarua wa kutwa na wa kipande wamo, na liweke tarehe. Tunapendekeza miezi sita ya kufundisha, kisha ukaguzi uanze na waajiri wakubwa, si na mama mwenye msichana mmoja wa dukani. Ile ya mzigo wa kuthibitisha ni ya bunge, na wabunge wa Burunga waipeleke. Wengi wa waliowapigia kura hulipwa kwa kaye.

Hadi hapo, neno kwa msomaji anayelipwa Jumamosi. Nunua kaye yako mwenyewe. Andika kila siku uliyofanya kazi, mahali, na kazi gani, jioni ile ile kabla hujalala. Siku ya malipo andika ulichopokea na ulichoambiwa kimekatwa, na umwombe mwenzako mmoja aliyekuwepo atie sahihi. Usiiache kazini. Na ukiwa bado mbele ya dumu la kapita, kabla hujampisha wa nyuma yako, omba fishi yako kwa sauti, hata kama unajua atakunyima. Wa nyuma naye aombe.